Juma la Mwanariadha wa Ridhaa katika Mwambao wa Malindi na Kilifi

Utangulizi

Tarehe 24 Machi 2007 mji wa Mombasa ulikuwa mwenyeji wa Mbio za Nyika za Dunia, mara ya kwanza kwa mashindano hayo kufanyika katika ardhi ya Kenya. Wengi walikwenda kumwona Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ametwaa mbio fupi na mbio ndefu za nyika za dunia kila mwaka tangu 2002 hadi 2006. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 12. Katika mzunguko wa mwisho Bekele alipitwa na Zersenay Tadese wa Eritrea, kisha akatoka njiani bila kufika mwisho. Tadese ndiye aliyetwaa dhahabu. Hapakuwa na mlima pale, wala matope, wala baridi. Palikuwa na uwanja wa gofu kando ya bahari, na fukuto la mwezi wa Machi ambalo kila mkaazi wa pwani analifahamu tangu utotoni.

Makala haya hayamhusu Bekele. Yanamhusu mwalimu wa shule ya msingi, muuguzi, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani au mwendesha bodaboda anayeamka alfajiri Kilifi au Malindi, akafunga kamba za raba zake na kukimbia kabla ya kazi. Huyu ndiye aitwaye mwanariadha wa ridhaa. Istilahi yenyewe ni nzuri kuliko zile za lugha nyingi, kwa kuwa haimwelezi mtu kwa kutolipwa, bali kwa kuridhia kwake. Hakuna aliyemtuma wala kumwajiri. Hata hivyo, fukuto lililomtoa bingwa wa dunia njiani ndilo analokimbia ndani yake mwaka mzima, na ratiba anazozisoma hazikuandikwa na watu wanaolijua. Nyingine zimetoka Ulaya na Marekani, nyingine katika nyanda za juu za Bonde la Ufa, ambako mji wa Iten uko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari na asubuhi hukimbiwa kwa sweta. Anayezifuata neno kwa neno mwambaoni atajiona mvivu au mgonjwa, na pengine atakuwa mgonjwa kweli.

Ni kinaya kwamba hata jina la mchezo ule limetoka huku. Nyika ni bara kavu lililo nyuma ya ukanda wa minazi, ambako msafiri aliyetoka Malindi au Mombasa aliingia akiwa na kiriba cha maji. Lugha iliyowapa wanariadha wa bara jina la mbio zao ilizaliwa pwani, ilhali usemi kwamba mbio si za watu wa pwani umeenea hadi miongoni mwa watu wa pwani wenyewe.

Mwili na hari

Mwili wa mkimbiaji ni kama jiko ambalo sehemu kubwa ya moto wake haipiki chochote. Kati ya nguvu zote anazozichoma, takriban robo tu ndiyo inayomsogeza mbele. Iliyobaki hugeuka kuwa joto. Mtu mwenye uzito wa kilo 60 hutumia takriban kilokalori 60 kwa kila kilomita. Akikimbia kilomita 10 atakuwa amechoma kilokalori 600, na karibu 450 kati ya hizo zinatafuta njia ya kutoka mwilini. Lita moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi huondoka na kilokalori 580 hivi. Kwa hivyo, ili mtu huyo abaki salama katika siku ya joto, yapasa karibu robo tatu ya lita ya jasho lake ikauke njiani.

Neno la kuzingatiwa hapo ni kukauka. Jasho linalodondoka chini halipozi kitu. Ni maji na chumvi vilivyopotea bure. Katika mwambao wa Malindi na Kilifi hewa imeshiba unyevu, na jasho hukosa pa kwenda. Hii ndiyo sababu nyuzi 30 za Kilifi humwelemea mtu kuliko nyuzi 35 za mahali pakavu. Kuna jambo jingine ambalo huwashangaza wageni: unyevu huwa mwingi zaidi alfajiri, saa ile ile ambayo joto liko chini kabisa. Anayeamka mapema hupunguza jua, lakini halikwepi fukuto lote. Bado alfajiri ndiyo saa bora, kwa kuwa jua la pwani likishapanda humchoma mtu kutoka juu na kutoka kwenye lami kwa pamoja.

Damu nayo hugombaniwa. Misuli yaitaka kwa ajili ya hewa, ngozi yaitaka kwa ajili ya kupoa, na moyo unalazimika kupiga haraka zaidi kwa mwendo ule ule. Mkimbiaji anayetazama saa yake tu ataona kwamba amepungua kasi na atajilazimisha kuongeza. Anayesikiliza pumzi zake ataelewa kwamba kazi haijapungua hata kidogo.

Mwili, kwa bahati, hujifunza. Katika muda wa siku 10 hadi 14 za kukimbia kwenye joto, maji ya damu huongezeka, jasho huanza mapema, nalo huwa na chumvi kidogo kuliko awali. Mwenyeji wa pwani ana sehemu ya mafunzo haya tayari, lakini si yote: aliyekaa ofisini chini ya feni mwezi mzima hana tofauti kubwa na mgeni aliyeshuka kwenye basi jana. Kwa upande mwingine, pwani ina neema ambayo Iten haina. Hewa ya usawa wa bahari ina oksijeni tele, na miguu inaweza kwenda kwa kasi ambayo huko juu pumzi haziiruhusu. Utafiti wa Benjamin Levine na James Stray-Gundersen uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kuwa wanariadha waliokaa juu na kufanya mazoezi chini walinufaika kuliko waliofanya yote mahali pamoja. Kwa mantiki hiyo, mwambao ni mahali pa kasi. Kinachoinyima pwani kasi hiyo ni hari, na hari ina saa zake.

Juma lenyewe

Ratiba ya juma katika mwambao huu haiwezi kusomwa kwenye kalenda ya ukutani pekee. Huhitaji kusomwa pamoja na jua, upepo na maji ya bahari.

Jumatatu ni siku ya kupumzika, hasa kwa aliyeshindana Jumapili. Hakuna mengi ya kusema juu yake isipokuwa kwamba wengi huiharibu kwa kukimbia kidogo tu, na kidogo hicho hulipwa Alhamisi.

Jumanne ni siku ya kasi, nayo ndiyo inayohitaji akili zaidi. Mkimbiaji wa Malindi ana barabara ya lami na ana ufuo. Lami ni sawa kwa kupima umbali, lakini barabara kuu ya kutoka Mombasa kwenda Malindi ina mabasi na matatu zinazokwenda mbio alfajiri, na ukingo wake haumhurumii mtu wa miguu. Ufuo wa ghuba ya Malindi, unaoelekea kaskazini hadi Mto Sabaki unapoingia baharini, una mchanga mpana ulioshikamana vizuri maji yakipwa. Swali ni lini yatapwa.

Hapa elimu ya wavuvi yashinda programu yoyote ya simu. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, ambapo tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Katika mwambao huu bamvua hujaa takriban saa kumi na kitu, alfajiri na alasiri, kisha kupwa kwake huangukia saa nne na nusu hivi, asubuhi na usiku. Maana yake ni kwamba anayeshuka ufuoni saa kumi na mbili siku ya mwezi mpevu atayakuta maji bado yako juu, na atalazimika kukimbia kwenye mchanga laini unaomeza mguu. Mchanga mgumu utafunuka saa ambazo jua limekwisha kuwa kali. Juma moja baadaye, katika siku za maji mafu na zile zinazofuata mara, kupwa huwa kati ya saa kumi na saa kumi na mbili alfajiri. Hizo ndizo Jumanne za ufuoni. Mkimbiaji anayejua kuhesabu siku za mwandamo hupanga mazoezi yake ya kasi kwa majuma mawili mawili: juma la mchanga na juma la lami.

Mazoezi yenyewe ni mepesi kueleza. Baada ya kupasha misuli moto kwa dakika 15, mtu hukimbia kwa nguvu dakika 3, akatembea au kukimbia polepole dakika 2, akarudia mara 6. Ratiba za ng'ambo huagiza mapumziko mafupi zaidi ya hayo, lakini hapa mapumziko ni ya moyo na pia ya ngozi. Ufuo nao una mteremko kuelekea majini, na anayekwenda upande mmoja tu huuelemea mguu ulio chini. Yampasa arudi kwa njia ile ile ili mzigo ugawanyike.

Jumatano ni kilomita 8 au 10 za polepole, kwa mwendo unaoruhusu mazungumzo. Hapa ndipo upepo unapoingia. Vitabu vingi vya riadha humshauri mkimbiaji aanze kwa kuukabili upepo na arudi ukiwa mgongoni, ili asipigwe na baridi akiwa amelowa jasho. Ushauri huo ni wa nchi za theluji. Mwambaoni mambo hugeuka. Kusi, inayovuma kati ya Aprili na Septemba, humsukuma anayetoka Kilifi kuelekea Malindi. Naye, akiwa na upepo mgongoni, huhisi kama hewa imesimama, kwa kuwa upepo na yeye wanakwenda pamoja na jasho halikauki. Afadhali sehemu hiyo iwe ya mwanzo, mwili ukiwa bado baridi, kisha wakati wa kurudi upepo umpige kifuani na kumkausha. Kaskazi inapovuma, kuanzia Disemba hadi Machi, njia hupinduliwa: huanza kwa kwenda kusini. Ni jambo dogo lisilogharimu senti, na tofauti yake huonekana katika kilomita tatu za mwisho.

Alhamisi ni siku ya mlima, na hapa Malindi yaionea wivu Kilifi. Malindi ni tambarare kama sinia. Kilifi ina hori lenye kingo ndefu. Kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991 watu na magari walivuka kwa feri, na pande zote mbili ardhi hupanda kutoka majini hadi juu, upande wa Mnarani na upande wa mjini. Kupanda mara nane kwa nguvu ya wastani na kushuka kwa kutembea kunatosha. Wa Malindi huridhika na mchanga laini, ambao hufanya kazi ileile kwa miguu ingawa haupendezi. Msitu wa Arabuko-Sokoke ulio kati ya miji hii miwili una vivuli vya kutamanisha, lakini una ndovu pia. Si mahali pa kuingia peke yako alfajiri bila kuwauliza walinzi wa msitu.

Ijumaa watu wengi hupumzika, kwa sababu ya sala na kwa sababu ya uchovu wa juma. Jumamosi ni dakika 20 au 30 nyepesi tu, ikiwa kesho yake kuna mashindano. Pasipo mashindano, Jumapili huwa ya mbio ndefu ya kilomita 15 na kuendelea, nayo huanza gizani.

Katika mwezi wa Ramadhani ratiba hii hupinduliwa yote. Mfungaji hukimbia polepole nusu saa ya mwisho kabla ya futari, au baada ya tarawehe akiwa ameshakunywa vya kutosha; mazoezi makali huahirishwa hadi baada ya Idi. Vilevile wanawake wanaokimbia kwa stara huhitaji kuangalia kitambaa. Vazi pana na jepesi linalopitisha hewa haliongezi joto kwa kiasi wengi wanachodhani. Lililobana, zito na lisilopitisha hewa ndilo la hatari, kwa mwanamke na kwa mwanamume.

Kuhusu chakula, mwambao haukosi kitu. Muhogo, viazi vitamu, mahamri na mbaazi ni vyakula vya mkimbiaji hata kama havikuandikwa kwenye pakiti. Dafu husifiwa sana, na kwa haki, lakini lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, ilhali jasho hupoteza sodiamu zaidi. Anayetokwa na jasho jingi aongeze chumvi kidogo kwenye maji ya ndimu au kwenye chakula chake. Kunywa maji matupu kupita kiasi katika mbio ndefu nako ni hatari, kwa kuwa huipunguza chumvi ya damu. Anywe kwa kiu.

Siku ya mashindano

Mbio za kilomita 10 za Jumapili, zile zinazoandaliwa kuchangia hospitali, shule au usafi wa ufuo, ndizo zinazomtia mkimbiaji wa ridhaa katika hatari kuliko mazoezi yake yote. Katika mazoezi huchagua saa mwenyewe. Katika mashindano saa huchaguliwa na wengine. Tangazo husema saa kumi na mbili na nusu. Lakini mgeni rasmi hajafika, nambari za kifuani hazijagawanywa, na hotuba bado. Saa mbili huwakuta washiriki wamesimama juani wakiwa wamekwisha kupasha misuli moto mara tatu. Kila robo saa ya heshima kwa mgeni rasmi hulipwa na miili ya wakimbiaji, na wanaolipa zaidi ni wa nyuma, wanaokaa njiani muda mrefu na ambao meza ya maji huwafikia ikiwa tupu.

Wenye mashindano makubwa kuliko yote duniani wamelikubali jambo hili. Katika Mashindano ya Dunia ya Riadha ya mwaka 2019 mjini Doha, marathoni ya wanawake ilianzishwa karibu na usiku wa manane, na bado kati ya wanariadha 68 walioanza ni 40 tu waliofika mwisho. Mshindi, Ruth Chepngetich wa Kenya, alitumia saa 2, dakika 32 na sekunde 43, mwendo wa taratibu kwa mwanariadha wa daraja lake. Marathoni za Olimpiki ya Tokyo zilihamishiwa Sapporo, mji ulio kaskazini, kwa ajili ya kukimbia joto. Hata huko, mbio za wanawake za tarehe 7 Agosti 2021 zilirudishwa nyuma kwa saa moja, zikaanza saa kumi na mbili asubuhi, nazo zikashindwa na Peres Jepchirchir, Mkenya pia. Ikiwa waandalizi wa Olimpiki wanaweza kuwaamsha mabingwa usiku, kamati ya mbio za mtaani Kilifi yaweza kuanzisha mbio kwanza na kumsikiliza mgeni rasmi baadaye, chini ya mwembe, watu wakiwa wanakunywa madafu.

Mpaka hilo litakapofanyika, mkimbiaji ajilinde. Wakati wa kusubiri akae kivulini, si mstarini. Kilomita mbili za kwanza azikimbie kwa mwendo ambao unamwonea aibu, kwa kuwa joto lililoingia mapema halitoki tena hadi mwisho. Maji ya mezani ayagawe: mafunda machache kinywani, yaliyobaki kichwani na shingoni. Akihisi baridi na vipele mwilini huku jua likiwaka, au akianza kuyumba na kusahau alipo, mbio zake zimekwisha siku hiyo, hata kama amebakiza mita mia tano.

Anayemwona mwenzake katika hali hiyo asimnyanyue ili amsaidie kuvuka mstari, jambo ambalo watazamaji hulishangilia. Joto la ndani ya mwili likipita nyuzi 40 na mtu akaanza kuchanganyikiwa, dakika zinahesabiwa. Apelekwe kivulini, avuliwe nguo za juu, amwagiwe maji mengi baridi mwili mzima au atumbukizwe ndani ya maji kichwa kikiwa juu, apepewe, na gari la hospitali liitwe wakati kupozwa kukiendelea. Kumkimbiza hospitali kwanza na kumpoza baadaye ni kupoteza muda ambao ubongo hauna. Asinyweshwe maji akiwa hajitambui.

Kwa wengine wote mbio huisha kwa salama na kwa kicheko. Afikapo nyumbani, mwenye mizani hujipima: kilo moja iliyopungua tangu alfajiri ni takriban lita moja ya jasho ambayo haijarudishwa, na huirudisha kidogo kidogo hadi jioni. Kisha huandika daftarini. Wengi huandika muda pekee, dakika 52 au 49, na miezi mitano baadaye hawaelewi ni kwa nini walikuwa wazito mwezi wa Machi na wepesi mwezi wa Agosti. Daftari la pwani huhitaji safu nyingine tatu pembeni mwa muda: saa ya kuanza, upepo uliokuwa ukivuma, na hali ya anga. Dakika 52 za kaskazi, saa mbili na nusu, jua wazi, zaweza kuwa mbio bora kuliko dakika 49 za kusi, alfajiri, mawingu.